Mauti ya Kujitakia

Katika misiba yote iwapatayo watu, upo mmoja uliopungukiwa na maneno. Akifa mzee, waombolezaji husema amekula chumvi nyingi; akifa mtoto mchanga, husema Mungu ametwaa amana yake; akifa mtu aliyeugua siku nyingi, husema amepumzika. Kila kifo kina tamko lake, na tamko hilo, hata likiwa limechakaa kwa kutumiwa, huwa mkongojo kwa waliofiwa. Lakini kijana akijiua, wageni huingia uani, huketi mkekani, na hutazama chini. Pole hutolewa nusu. Maziko hufanywa upesi. Mpita njia akiuliza marehemu alikuwa na nini, jirani hushusha sauti, na jibu lake huwa fupi: ni ya kujitakia.

Neno hilo ni dogo, walakini lina uzito wa mahakama. Jambo la kujitakia ni lile ambalo mtu ameonywa asisikie: aliyeambiwa asivuke mto uliofurika akavuka, aliyekatazwa kuchezea moto akaungua. Mtu wa namna hiyo haonewi huruma, au akionewa, ni huruma iliyochanganyika na karipio. Likiwekwa juu ya kaburi la kijana, neno hilo husema mengi kwa pumzi moja: kwamba alitaka kufa, kwamba alikijua akitakacho, na kwamba hakuna aliyeweza kufanya lolote, kwa kuwa mwenye nia hazuiliki. Walimu, wazazi, hata baadhi ya waganga, huyapokea yote hayo bila ya kuyapima. Hasara ya kutoyapima si ndogo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 727,000 walikufa kwa kujiua mwaka 2021, na kati ya wenye umri wa miaka 15 hadi 29 sababu hii ilikuwa ya tatu kwa wingi wa vifo ulimwenguni. Karibu robo tatu ya vifo vyote hivyo vilitokea katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Basi si balaa la Wazungu peke yao, kama ilivyozoeleka kusemwa barazani.

Falsafa imeshughulika na swali hili kwa karne nyingi, na yapasa kukiri kwamba haikumfaa sana kijana. Wastoiki wa Roma walifundisha kwamba mwenye hekima aweza kuondoka duniani kama mgeni aondokavyo karamuni. Immanuel Kant, katika karne ya 18, alikataa: mtu anayejiua ili akimbie maumivu, kwa maoni yake, amejifanya chombo cha kutumiwa na kutupwa, ilhali utu si chombo. Albert Camus, mwaka 1942, aliliweka swali hili mbele ya maswali mengine yote ya falsafa. Hawa wote, pamoja na tofauti zao, wana mtu mmoja akilini mwao: mtu mzima, mtulivu, aliyeketi peke yake akayatia maisha yake katika mizani, heri upande huu na shari upande ule, kisha akakata shauri. Mtu huyo huenda yupo. Lakini kijana wa miaka 17 aliyeachwa na mchumba, au aliyefukuzwa shule, au aliyeamka miezi mitatu mfululizo na kifua kizito asijue sababu, si mtu huyo. Kumjadili kana kwamba ndiye ni sawa na kupima homa kwa kibaba.

Waliookoka, na wataalamu waliozungumza nao, husimulia hali nyingine kabisa. Akili iliyosongwa huwa kama kichochoro kinachozidi kuwa chembamba kadiri mtu anavyokwenda. Haioni mwaka ujao. Haioni hata jioni. Mambo mawili tu husalia mbele yake: maumivu haya yaendelee vivi hivi milele, au yaishe. Kinachotakwa ni maumivu yaishe, na mauti hushikwa kwa kuwa milango mingine haionekani, si kwa kuwa mauti yapendeza. Tena ndani ya mtu yuyo huyo, saa ile ile, yumo mwingine atakaye kuishi, anayetega sikio kama yuko atakayebisha hodi. Mfa maji haachi kutapatapa, wasema wahenga. Na anayetapatapa hawezi kuitwa mtu aliyekwisha kukata shauri.

Ushahidi wa jambo hili haukomei katika masimulizi. Mwaka 1978 Richard Seiden, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 515 waliozuiwa wasijiue katika daraja la Golden Gate, San Francisco, tangu mwaka 1937 hadi 1971. Kama ingalikuwa kweli kwamba mwenye nia hazuiliki, wengi wao wangalirudi, au wangalitafuta mahali pengine. Lakini miaka mingi baada ya kuzuiwa, kiasi cha watu 94 katika kila 100 ama walikuwa hai, ama walikuwa wamekufa kwa maradhi na sababu nyingine za kawaida. Sri Lanka imetoa ushahidi wa taifa zima. Katika miaka ya 1990 nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizopoteza watu wengi zaidi kwa kujiua, na vijana wa mashambani walikuwa wengi kati yao. Serikali ilipiga marufuku, kwa awamu, dawa za kilimo zilizokuwa na sumu kali kupita zote. Umaskini haukuondoka kwa amri hiyo, wala ugomvi wa nyumbani, wala mapenzi yaliyovunjika. Hata hivyo, kati ya mwaka 1995 na 2015 kiwango cha kujiua kilishuka kwa asilimia 70 hivi, na mazao ya mashamba hayakupungua kwa sababu ya marufuku hayo. Makumi ya maelfu ya watu waliishi, si kwa kuwa shida zao zilitatuliwa, bali kwa kuwa saa mbaya iliwapitia bila ya kukuta mkononi kitu cha kuua. Amri ya kupiga marufuku dawa ya kilimo yenye sumu kali ni jambo lisilo na fahari yoyote. Wanaotafuta maana ya uhai hulipita bila ya kulitazama. Limeokoa watu wengi kuliko vitabu vyao.

Atatokea mtu wa kusema: je, kumzuia mtu mzima asifanye alitakalo na mwili wake si kumnyang'anya uhuru? Hoja hii si ya kupuuzwa, na wanafunzi wa chuo huipenda. Lakini uhuru ni wa nia, na nia si kila kinachopita kichwani. Nia ni kitu ambacho mtu hulala nacho akaamka nacho, akakipeleka kwa wengine, akakirudia. Hata posa haijibiwi siku ile ile iliyoletwa. Wazee huomba muda, na hakuna aonaye kwamba binti amedhulumiwa kwa kupewa muda. Seuze jambo hili ambalo jibu lake halifutiki. Mwenye kumshika kijana mkono usiku wa leo hapingani na nia yake. Anampingia kitu kilichoivamia nia hiyo, ili mwenyewe arudi kuwa na nia. Kama miaka ishirini baadaye mtu huyo, akiwa mzima wa akili, atataka kujadiliana na Wastoiki, wakati utakuwepo. Aliyekufa hana uhuru wa kubadili shauri.

Magazeti nayo yamezoea namna moja ya kichwa cha habari: kijana ajiua, kisa mapenzi, mwanafunzi ajiua, kisa kufeli mtihani, mwingine ajiua, kisa kunyang'anywa simu. Neno kisa limeonewa hapa. Kisa ni hadithi kabla ya kuwa sababu. Kina mwanzo na mapito yake, kina watu wengi ndani yake, na msimulizi mwema hutaka usiku mzima wa kukisimulia. Gazeti limekikata kikabaki neno moja baada ya mkato. Msomaji husoma, hutikisa kichwa, husema: kwa simu tu! Akisema hivyo amekwisha kujitenga. Watoto wake si wajinga wa kufa kwa ajili ya simu, basi habari hii haimhusu. Na kijana mwingine aliyenyang'anywa simu siku hiyo husoma habari ile ile, akajifunza kwamba kumbe jambo kama lake laweza kumaliza maisha.

Waandishi wa riwaya walikuwa waangalifu zaidi. Euphrase Kezilahabi alimwumba Rosa mwaka 1971 katika Rosa Mistika, na Kazimoto mwaka 1974 katika Kichwamaji: wote wawili vijana, wote wawili wasomi, wote wawili wakajiua. Rosa Mistika kilipotoka kilizusha ghadhabu kwa ajili ya mambo ya zinaa yaliyosimuliwa ndani yake, kikazuiwa shuleni kwa muda. Ajabu ni kwamba waliokasirika walikwazwa na vitanda kuliko kaburi. Mwenye kukisoma leo kwa utulivu huona kwamba hakuna ukurasa mmoja uwezao kuchanwa ukaitwa sababu. Ukali wa baba aliyemlinda binti yake kwa kipigo badala ya mazungumzo upo. Ugeni wa uhuru wa chuoni upo. Wanaume waliomchezea wapo. Mchumba aliyemkataa kwa kuwa hakuwa bikira yupo. Ondoa moja katika hayo, huenda Rosa angaliishi. Acha moja lilo lote peke yake, huenda pia angaliishi. Kazimoto naye hafi kwa pigo moja: elimu imemtenga na waliomzaa, mikasa imeiandama nyumba yake, na fikira zake hazina wa kuzipokea. Hicho ndicho kisa kwa maana yake ya haki. Mwanafunzi aliyesoma vitabu hivyo viwili kwa makini amekwisha kupata somo ambalo madaktari wa akili hulifundisha kwa maneno mengine: kujiua hakuna sababu moja, kuna mkusanyiko, na kwa kuwa ni mkusanyiko, pana mahali pengi pa kuingilia kati.

Sheria ilijengwa juu ya neno lile lile la kujitakia. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1945, kwa kufuata fikira za sheria ya Kiingereza, ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Ya Kenya vivyo hivyo, na aliyepatikana na hatia aliweza kufungwa hadi miaka miwili. Uingereza yenyewe ililifuta kosa hilo mwezi wa Agosti 1961, miezi minne kabla ya Tanganyika kujitawala. Mwenye mali aliitupa, warithi wakaihifadhi kabatini. Pakistan iliifuta sheria ya namna hiyo mwaka 2022, Ghana mwaka 2023. Nchini Kenya kosa liliendelea hadi tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka, kwa hukumu ya Jaji Lawrence Mugambi, kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba, kwa kuwa chamwadhibu mtu kwa jambo litokanalo na afya ya akili. Wateteao adhabu husema kwamba adhabu hutisha. Ni kweli hutisha, ila haimtishi anayekusudiwa: kifungo cha miaka miwili ni kitu gani kwa mtu asiyeliogopa kaburi? Anayetishika ni mama yake, ambaye humfikisha hospitali akasema ameanguka. Na mwandika daftari, ambaye huandika ajali ili polisi wasije. Hivyo kijana hutibiwa jeraha akarudishwa nyumbani na kile kilichomjeruhi, na taifa husoma daftari likajisifu kwamba tatizo ni dogo.

Dini husingiziwa ukali kuliko zilio nao. Katazo lake ni kweli, na lina nguvu. Wapo walioshinda usiku mbaya kwa kumcha Mungu peke yake. Lakini kumkataza aliye hai si sawa na kumhukumu aliyekufa, na wanazuoni walilijua hilo. Katika Uislamu imepokewa kwamba Mtume hakumsalia mtu aliyejiua. Hata hivyo wanazuoni wengi, kina Abu Hanifa, Malik na Shafi miongoni mwao, walisema maiti wa namna hiyo husaliwa kama Mwislamu mwingine. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 ziliwanyima waliojiua kwa makusudi maziko ya kanisa. Zile za mwaka 1983 ziliacha katazo hilo, na Katekisimu ya mwaka 1992 ilikiri kwamba msukosuko mkubwa wa akili au mateso makali hupunguza dhima ya mtu. Mzee wa mtaani anayekataza watu wasiende mazikoni kwa jina la dini huwa amekwenda mbele kuliko dini yake.

Yasalia hofu moja ambayo ni ya watu wema, nayo ndiyo ngumu kuishinda. Mwalimu humwona mwanafunzi amejitenga, ameacha kula na wenziwe, anagawa vitu vyake avipendavyo, anasema kwamba hivi karibuni hatamsumbua mtu. Mwalimu huingiwa na shaka. Hutaka kumwuliza waziwazi kama anafikiri kujiua. Kisha hujizuia, akiogopa asije akampa wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hii ina sura ya busara. Ilijaribiwa. Madelyn Gould na wenziwe waliwagawa wanafunzi 2,342 wa shule sita za sekondari katika jimbo la New York mafungu mawili: wengine waliulizwa habari za kujiua, wengine hawakuulizwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Walioulizwa hawakuzidi wenzao kwa fadhaa wala kwa mawazo ya kujiua. Na wale waliokuwa na huzuni tangu mwanzo, kama kulikuwa na tofauti, walionekana kupata nafuu kidogo. Wazo lilikuwamo kabla ya swali. Swali ni taa iliyoingizwa chumbani, haikumleta nyoka.

Walakini kuuliza faraghani ni jambo moja, na kupiga ngoma sokoni ni jingine. Mwaka 1974 mtaalamu wa jamii David Phillips alionyesha kwamba habari za kujiua zikiandikwa kwa kishindo katika kurasa za mbele za magazeti, vifo vya namna hiyo huongezeka baadaye; akauita mkondo huo kwa jina la Werther, kijana wa kubuniwa katika kitabu cha Goethe cha mwaka 1774. Mji wa Vienna ukatoa mfano wa kinyume. Tangu mwaka 1987 magazeti yake yalikubali miongozo ya kutoandika kwa mbwembwe habari za watu waliojiua katika reli ya chini ya ardhi, na vifo hivyo vikapungua sana katika muda wa miezi michache. Hivyo ukimya wa matanga na kelele za gazeti, ingawa vyaonekana kuwa maadui, ni ndugu: vyote viwili humwacha kijana mwenye shida bila ya mtu wa kusema naye. Kinachopatikana kati yao ni mazungumzo ya kawaida, ya sauti ya kawaida. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa na Danuta Wasserman na wenziwe kwa wanafunzi 11,110 wa shule 168 katika nchi kumi za Ulaya, ulilinganisha njia mbalimbali za kinga shuleni. Iliyofaulu haikuwa ya kuwafundisha walimu kuwapeleleza wanafunzi. Ilikuwa ile iliyowapa vijana wenyewe saa chache za kuzungumza na kuigiza habari za huzuni, misukosuko na msaada. Na baada ya mwaka mmoja majaribio mapya ya kujiua kati yao yalikuwa kiasi cha nusu ya yale ya wenzao wasiopata mafunzo hayo.

Mtu wa kusema naye si lazima awe bingwa. Mwaka 1935 kasisi kijana wa Kiingereza, Chad Varah, aliendesha maziko yake ya kwanza huko Lincoln. Marehemu alikuwa msichana mdogo aliyejiua baada ya kuanza kupata hedhi. Hakuwapo mtu wa kumwambia ile damu ni nini, akadhani amepatwa na ugonjwa wa aibu. Pwani ya Afrika Mashariki, kwa desturi ya zamani, msichana huyo angalikuwa na somo wake, na swali lake lingalijibiwa kabla halijaota miiba. (Kuna wasomi wanaodharau unyago wote kwa jumla, yafaa wakumbuke kwamba ulikuwa pia mahali pa kuuliza.) Mwaka 1953 Varah alifungua katika kanisa moja mjini London huduma ya simu kwa watu wanaofikiri kujiua, akiwaalika watu wa kujitolea wawape chai wageni waliokuwa wakingoja zamu ya kumwona. Haukupita muda mrefu akatambua kwamba wageni wengi, wakisha kuzungumza na mwenye kumimina chai, hawakuwa tena na haja ya kumwona yeye. Huo ndio mwanzo wa Samaritans.

Zimbabwe imelipeleka jambo hilo mbali zaidi. Daktari wa akili Dixon Chibanda alifiwa mwaka 2005 na mgonjwa wake, mwanamke kijana, ambaye hakurudi hospitali kwa sababu familia haikuwa na dola 15 za nauli ya basi. Mwaka uliofuata alianza, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, kuwafundisha wanawake wazee wa mtaa kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Hawakuambiwa waitaje huzuni kwa majina ya vitabu vya udaktari. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mswahili hahitaji kutafsiriwa neno hilo. Ana mawazo, husema watu juu ya mtu aliyekonda bila ya homa, na kwa kusema hivyo huwa wametambua maradhi, ila hawajui kwamba wametambua. Matokeo ya majaribio ya watu 573, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walipungukiwa na huzuni kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoongezewa nguvu.

Yafaa kutaja hatari inayowanyemelea hata wenye huruma. Neno kujitakia likiondolewa juu ya marehemu, watu hutafuta pa kuliweka, na aghalabu huliweka juu ya wazazi. Baba alikuwa mkali, mama hakuona, dada alisoma ujumbe akalala. Mchumba aliyesema hapana, kama alivyokuwa na haki ya kusema, huonyeshwa kidole njiani. Huku si kuelewa. Ni hukumu ile ile iliyobadilishiwa mshtakiwa, na hurudisha kile kisa cha neno moja. Dalili zilizotajwa juu huonekana wazi kwa atazamaye nyuma, lakini siku zilipotokea zilikuwa zimechanganyika na mambo mia ya ujana: vijana wengi hujitenga, wengi huacha kula, na karibu wote wakaishi. Kwamba jambo lingaliweza kuzuiwa haina maana kwamba yuko aliyelisababisha. Ni vigumu kuyashika mawili hayo pamoja, na mama aliyefiwa hana nguvu ya kuyashika peke yake. Jirani aweza kumsaidia kwa kuketi kwake siku ya arobaini kama angaliketi kwa kifo kingine chochote.

Aliyeokoka ndiye asahauliwaye kupita wote. Anarudi kutoka hospitali. Mtaa wote umejua. Mtu aliyejikwaa dole la mguu huambiwa pole na watu kumi kabla hajafika nyumbani, na huyu hapewi hata moja, kwa kuwa pole hiyo ingelazimu kutaja jambo. Wenye bidii humletea mawaidha. Wengine humchekea kupita kiasi. Wenzake wa chuo hubadili mazungumzo anapoingia. Na majuma yale ya kwanza, kwa ushahidi wa nchi nyingi, ndiyo yenye hatari kubwa kuliko mengine yote ya maisha yake. Shirika la Afya Duniani lilijaribu jambo dogo katika miji mitano, ikiwamo Campinas ya Brazil, Chennai ya India na Colombo ya Sri Lanka, kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua. Nusu yao walipata matibabu ya kawaida tu. Nusu nyingine waliongezewa saa moja ya maelezo kabla ya kutoka, kisha mtu wa hospitali akawatembelea au kuwapigia simu mara tisa katika muda wa miezi 18 kuuliza wanaendeleaje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika fungu la kwanza waliokufa kwa kujiua walikuwa watu 22 katika kila 1,000. Katika fungu la pili, wawili.

Ziara hizo tisa zina jina la zamani sana katika Kiswahili. Huitwa kumjulia mtu hali. Mgeni huenda na machungwa au bila ya machungwa, hukaa robo saa, huuliza amelalaje, humsikiliza, huaga, na kesho kutwa hurudi tena. Hufanyiwa mwenye homa, mwenye kuvunjika mguu, aliyejifungua. Na kwa huyu, ambaye mlango wake ungehitaji kubishwa hodi kuliko wote, wageni hupita upande wa pili wa barabara, wakijisemesha kwamba wanamwachia apumzike.